Ncuti Gatwa: Kijana wa Nyarugenge Aliyekosa pa Kulala, Akaja Kuwa Nyota

Askari huandikishwa mara moja. Siku hiyo hupimwa urefu, macho, meno na mbio, na akipita amepita. Baada ya mafunzo huvalishwa sare, na tangu hapo hakuna tena amwulizaye kama anafaa kuwa askari. Mwigizaji hana bahati hiyo. Yeye huandikishwa upya kila mwezi, na pengine kila wiki. Husimama mbele ya watu watatu au wanne asiowajua, husema maneno aliyoyakariri usiku kucha, kisha huambiwa "ahsante" na kufunguliwa mlango. Mara nyingi hilo ndilo neno la mwisho atakalolisikia kutoka kwao. Aliyekataliwa haelezwi kosa lake, kwa sababu huenda hakuwa na kosa lolote: huenda alikuwa mrefu mno, au mfupi mno, au sura yake haikuwa ile iliyotakiwa.

Ndugu msomaji, ni vema kuanza na jambo hilo, maana wengi wetu humwona mwigizaji siku anapong'ara tu. Tunaona nguo nzuri, taa na makofi. Hatuzioni safari zake za kwenda kwenye majaribio na kurudi mikono mitupu. Leo tunamsimulia kijana mmoja aliyezaliwa katika nchi yetu, ambaye alirudi mikono mitupu mara nyingi hata akafika mahali pa kukosa kitanda chake mwenyewe, na ambaye sasa anajulikana karibu dunia nzima. Huyo ni Ncuti Gatwa.

MAJINA MAWILI

Alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1992 huko Nyarugenge, katika jiji la Kigali, akapewa majina Mizero Ncuti Gatwa. Msomaji wa Kamembe au Bugarama hahitaji kamusi ili kuyafahamu majina hayo. Mizero ni matumaini. Ncuti ni rafiki. Baba yake, Bwana Tharcisse Gatwa, asili yake ni Karongi, katika ufuo huu huu wa Ziwa Kivu, ukiisha kuipita Nyamasheke. Alikuwa mwandishi wa habari, na ni mtu aliyesoma hata akapata shahada ya udaktari katika theolojia.

Mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili ulipofika mwezi wa Aprili 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoangamiza roho zaidi ya milioni moja kwa muda wa siku mia moja, hayana haja ya kusimuliwa upya hapa Rusizi, mahali ambapo watu waliwindwa, wakakusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, na baadaye katika kambi ya Nyarushishi. Familia ya Gatwa iliihama nchi katika msiba huo, na mwisho wa safari yao ukawa Scotland, upande wa kaskazini wa Uingereza. Huko kuna baridi, mvua nyepesi isiyokatika, na lugha ya Kiingereza inayosemwa kwa lafudhi ambayo hata Mwingereza wa London huitegea sikio.

Mtoto alikulia katika mji wa Edinburgh, kisha katika mji mdogo wa Dunfermline. Lafudhi ya huko ikawa lafudhi yake, na mpaka leo akizungumza husikika kuwa mtu wa Scotland. Lakini rangi ya ngozi haibadiliki kama lafudhi. Yeye mwenyewe amekwisha kueleza hadharani kwamba huko Dunfermline baadhi ya wanafunzi wenzake walimsumbua kwa maneno na vitendo vya ubaguzi wa rangi. Kwa hiyo mlango wa kwanza uliofungwa usoni pake haukuwa wa jumba la michezo. Ulikuwa wa shule, akiwa kijana mdogo, na sababu yake ilikuwa jambo asiloweza kulirekebisha kwa juhudi yoyote.

Lakini ni katika shule hizo hizo alipogundua kwamba anapenda kuigiza. Akiwa jukwaani, macho ya watu humtazama mtu kwa sababu aliyoichagua mwenyewe.

UFUNDI KABLA YA SIFA

Wako vijana wanaodhani kwamba kuigiza ni kipaji kitupu, na kwamba mwenye kipaji hana haja ya shule. Habari za Gatwa zinakanusha wazo hilo. Alikwenda Glasgow kusoma katika Royal Conservatoire of Scotland, chuo cha muziki na michezo ya kuigiza ambacho asili yake ni mwaka 1847. Alihitimu mwaka 2013 akiwa na shahada ya uigizaji.

Katika vyuo vya namna hiyo mwanafunzi hafundishwi kuwa maarufu. Hufundishwa kupumua, ili sauti yake imfikie mtu wa kiti cha mwisho bila ya kupiga kelele. Hufundishwa kutembea, kuanguka pasipo kuumia, kupigana kwa upanga pasipo kumjeruhi mwenzake, kusoma maandishi ya kale na kuyafahamu neno kwa neno. Askari atauelewa mara moja mpango huo: ni gwaride la mwili na sauti, linalorudiwa asubuhi hata asubuhi mpaka kiungo kitii kabla akili haijaamuru.

Alipotoka chuoni alipata nafasi katika jumba la michezo la Dundee, ambalo ni miongoni mwa majumba machache ya Uingereza yenye kikundi chake cha kudumu cha waigizaji. Huko kijana hujifunza kazi kwa kufanya kazi pamoja na wakubwa: leo ana sehemu ndefu, kesho anasema maneno kumi tu, keshokutwa anabeba kiti gizani. Baadaye alipata sehemu ndogo katika televisheni, na mwaka 2016 alicheza katika jumba la Shakespeare's Globe, London, kando ya mto Thames. Jumba hilo limejengwa upya kwa mfano wa lile la zamani za Shakespeare: halina paa katikati, na mamia ya watazamaji husimama kwa miguu yao tangu mwanzo hadi mwisho, mvua inyeshe au jua liwake. Mwigizaji asiyeweza kuwashika watu waliosimama kwenye mvua, hao watakwenda zao.

Kwa mtu atazamaye kutoka mbali, hapo kijana alikuwa amekwisha kufika. Ana shahada, amecheza Shakespeare katika jumba lenye jina kubwa. Kumbe alikuwa hajafika popote.

MIEZI MITANO

Inafaa tuueleze mfumo wa kazi hiyo, maana bila ya kuufahamu msiba wake hautafahamika. Mchezo wa kuigiza huendelea kwa majuma au miezi kadhaa, kisha humalizika, na siku unapomalizika mshahara nao humalizika. Hakuna ahadi ya kazi nyingine. Mwigizaji hurudi kwenye majaribio kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Na pango la nyumba katika jiji la London halimngoji mtu apate sehemu.

Kabla ya kupata kazi iliyomtoa, akiba ya Gatwa iliisha. Alikuwa na umri wa miaka 25. Kwa muda wa miezi mitano hakuwa na mahali pake pa kukaa. Alilala kwa marafiki, leo kwa huyu, kesho kwa yule, akijilaza kwenye makochi yao. Baadaye, mwaka 2020, aliyaandika mambo hayo katika The Big Issue, gazeti la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1991, ambalo huuzwa barabarani na watu wasio na makazi ili wajipatie riziki. Alieleza kwamba kitu pekee kilichomzuia asilale barabarani ni kuwa na marafiki.

Mtu wa namna hii haonekani. Asubuhi amenawa uso, amevaa shati safi, amepanda basi kwenda kwenye majaribio, na wewe uliyekaa karibu naye hujui kwamba begi lililo miguuni pake ndilo nyumba yake. Wala watu wa majaribio hawajui. Wao wanatafuta mtu wa kucheza sehemu fulani. Yeye anatafuta pa kulala. Kila "hapana" aliyoambiwa wakati huo haikuwa hapana ya sehemu ile peke yake, ilikuwa hapana ya chakula na kitanda pia. Mwenye kujua hayo atafahamu jinsi ilivyo vigumu kuingia chumbani ukitabasamu, na kucheza kana kwamba huna haja.

Nasi Wanyarwanda tunaweza kulitazama jambo hilo kwa jicho letu. Kijana aliyeitwa Rafiki na wazazi wake aliokolewa na marafiki. Hawakumpa mali, na huenda wao pia walikuwa vijana wenye kuhangaika. Walimpa kochi, ufunguo wa mlango, na sahani ya chakula. Katika nyumba zetu tunayajua mambo hayo. Ni nyumba gani ya askari au ya mwalimu ambayo haijapata kumlaza sebuleni mpwa, binamu au mtoto wa jirani aliyekuja mjini kutafuta kazi? Mara nyingine tumewalaza tukinung'unika. Pengine tusingenung'unika tungalijua tunamlaza nani.

MLANGO UNAFUNGUKA

Mwaka 2018 alichaguliwa kucheza katika mfululizo wa televisheni uitwao Sex Education, uliotengenezwa na kampuni ya Netflix. Ni hadithi ya wanafunzi wa sekondari na mambo ya ujana, na tuseme mapema kwamba ni mchezo wa watu wazima; mzazi asiuache wazi mbele ya watoto wadogo. Gatwa alipewa sehemu ya Eric, kijana mwenye asili ya Afrika Magharibi anayeishi Uingereza, anayewapenda wanaume wenzake, na ambaye familia yake ni watu wa kanisa. Sehemu hiyo ingeweza kuwa ya mchekeshaji tu, wa kuchekwa na kusahauliwa. Yeye aliicheza kwa namna iliyowafanya watazamaji wacheke, kisha wamwonee uchungu, kisha wamheshimu.

Mfululizo huo ulianza kuonyeshwa mwezi Januari 2019. Netflix ilitangaza kwamba katika majuma manne ya mwanzo nyumba zipatazo milioni 40 zilikadiriwa kuutazama. Ndani ya mwezi mmoja, mtu aliyekuwa hana nyumba akawa anaingia katika nyumba milioni 40. Mwaka 2020 alipata tuzo ya BAFTA ya Scotland ya mwigizaji bora wa televisheni, katika nchi ile ile ambako wenzake wa shule walimbagua.

KIBANDA CHA POLISI

Tarehe 8 Mei 2022 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilitangaza kwamba Gatwa ndiye atakayeongoza mchezo wa Doctor Who. Msomaji ambaye haujui mchezo huo aelewe kwamba kwa Waingereza tangazo hilo ni kama kutaja nahodha wa timu ya taifa. Ulianza kuonyeshwa tarehe 23 Novemba 1963. Unamhusu msafiri wa ajabu aitwaye Doctor, atokaye katika sayari nyingine, anayesafiri katika wakati uliopita na ujao.

Askari polisi wanaosoma ukurasa huu watafurahi kujua kwamba chombo anachosafiria kina umbo la kibanda cha polisi. Zamani, kabla askari wa doria hajapewa redio ya kubeba, miji ya Uingereza ilikuwa na vibanda vya buluu vyenye simu ndani, ili askari aweze kuwasiliana na kituo chake, na raia aweze kuita msaada. Vibanda vyenyewe vimetoweka katika sehemu nyingi, lakini mchezo umevihifadhi, na mtoto wa leo wa Uingereza huvijua kwa sababu ya Doctor kuliko kwa sababu ya polisi.

Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipodhoofika kiafya mwaka 1966, watengenezaji walibuni hila nzuri: Doctor akikaribia kufa, mwili wake hubadilika akawa mtu mwingine mwenye sura nyingine. Kwa hiyo mchezo haukufa na mwigizaji wake. Gatwa anahesabiwa kuwa Doctor wa kumi na tano, naye ndiye mweusi wa kwanza kuongoza mfululizo huo. Alionekana kwa mara ya kwanza katika sehemu hiyo mwezi Desemba 2023, na akamaliza zamu yake tarehe 31 Mei 2025.

Katika miaka hiyo hiyo alionekana katika filamu ya Barbie, iliyotoka mwaka 2023, na mwaka 2024 katika Masters of the Air, mfululizo wa vita unaowahusu wanahewa wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Humo alicheza sehemu ya Luteni Robert Daniels, mtu aliyekuwapo kweli. Daniels alikuwa miongoni mwa marubani weusi waliofunzwa Tuskegee, jimbo la Alabama, wakati jeshi la Marekani lilipokuwa bado likiwatenga weusi na weupe. Aliangushwa na mizinga ya adui kusini mwa Ufaransa tarehe 12 Agosti 1944, akawa mateka wa Wajerumani. Wanajeshi wetu watalipima jambo hilo wenyewe: mtu aliyelitumikia jeshi lisilomkubali kula meza moja na wenzake, na hata hivyo akaruka.

Wala Gatwa hakuliacha jukwaa. Mwishoni mwa mwaka 2024 alicheza tamthilia ya Oscar Wilde, The Importance of Being Earnest, katika Jumba la Taifa la Michezo, London. Na mwaka 2025 akacheza nafasi ya mshairi Christopher Marlowe katika Born with Teeth. Aliyefundwa Glasgow na Dundee amerudi kwenye kazi aliyofundwa.

TUWAAMBIE NINI VIJANA WETU?

Hapa yafaa tuwe wakweli. Haifai kumwambia kila kijana kwamba akivumilia atakuwa Gatwa. Kwa kila mmoja aliyefunguliwa mlango wapo wengi waliogonga mpaka mkono ukachoka, nao hawakuwa wavivu. Hata waliofunguliwa, wengine mlango uliwafungia tena. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, alikuwa mhamiaji na dereva huko Minneapolis, Marekani. Alichaguliwa kucheza mharamia katika filamu ya Captain Phillips ya mwaka 2013, ingawa hakuwahi kuigiza katika filamu kabla ya hapo. Mwaka 2014 alipata tuzo ya BAFTA na kupendekezwa kupewa Oscar. Hata hivyo iliripotiwa kwamba malipo yake yalikuwa dola 65,000, na kwamba baada ya upigaji wa filamu alirudi kuuza simu katika duka la ndugu yake. Sifa na mkate si kitu kimoja, na mzazi anayetia shaka juu ya kazi hii hana ujinga.

Lakini shaka ni kitu kimoja na dharau ni kitu kingine. Katika nyumba za watumishi wa serikali tumezoea kuthamini kazi yenye barua ya ajira na namba ya utumishi. Kijana akisema anataka kuwa daktari tunamnunulia daftari. Akisema anataka kuigiza tunacheka. Na bado nyumba hizo hizo zilikaa kimya kila juma kusikiliza Urunana, mchezo wa redio ulioanza mwaka 1999 na kuwafundisha watu mambo ya afya, na Musekeweya, ulioanza mwaka 2004 ukitufunza kuishi pamoja baada ya msiba. Wale waliotuliza na kutuchekesha hewani walikuwa watu wa kazi hiyo tunayoicheka. Mwaka 2017 mwigizaji wetu Eliane Umuhire alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Karlovy Vary, pamoja na mwenzake wa Poland, kwa filamu iliyohusu majeraha ya 1994. Naye pia ni binti wa nchi hii.

Basi mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo ampe masharti yaliyo ya haki. Kwanza, ajifunze ufundi wenyewe, si umaarufu. Aingie kikundi cha michezo cha shule au cha parokia, asome vitabu kwa sauti, azitunze lugha zake. Mtoto wa Kamembe aliyekulia mpakani husikia Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa kabla ya kuanza shule, na huongeza Kiingereza darasani. Huo ni mtaji ambao watoto wa miji mikubwa ya Ulaya hununua kwa ada. Pili, awe na kazi nyingine ya mkono au cheti cha kumlisha wakati wa ukame, maana ukame utakuja. Gatwa alihitimu mwaka 2013 na kupata sehemu iliyomtoa mwaka 2018. Ni miaka mitano, na kila mwaka ulikuwa na kodi ya nyumba.

Sharti la tatu linamhusu mzazi mwenyewe. Siku kijana atakaporudi amekataliwa, na iwe amekataliwa katika majaribio ya mchezo, katika chuo, au hata katika uandikishaji wa jeshi na polisi, asikutane na hapana nyingine nyumbani. Asiulizwe "tulikuambia nini?" kabla hajavua viatu. Apewe maji, apewe chakula, na mazungumzo ya kesho yafanywe kesho. Aliyekataliwa na watu watatu wasiomjua anaweza kusimama tena. Aliyekataliwa na watu wa nyumbani kwake hupata shida zaidi, maana hana pengine pa kwenda kujipanga.

Na kama huyo si mtoto wako, ni mtoto wa mwenzako aliyekuja kulala sebuleni kwako mwezi wa pili sasa, bado kochi lile lina kazi. Mweleze wazi muda unaoweza kumhifadhi, mpe sehemu yake ya kazi za nyumba, na mwachie ufunguo.